Pedi ya Pili

3 Januari 2017
Daftari hili lilikuwa la mama, la namba za simu. Aliandika kurasa mbili tu, akafariki Septemba. Sitaki kulitupa na sitaki kuliona tupu, kwa hiyo nitaandika mimi. Naitwa Acirema, ambalo ni América kinyumenyume. Baba alikuwa anajiona mjanja sana. Nina kibanda cha gemu hapa Jurunas, Belém, na ninatengeneza mashine za zamani. Enzi zile watoto walipanga foleni mpaka barabarani. Siku hizi wana simu mfukoni, na mimi nimebaki na watu wazima wenzangu wanaoniletea mashine za utoto wao wamezifunga kwa taulo.
Mvua saa nane. Bendera haipo.

4 Januari
Mvua saa nane kasoro robo. Bendera haipo.

5 Januari
Bora nieleze habari ya bendera, maana nikifa leo atakayesoma atadhani nilikuwa na wazimu.
Mdogo wangu Ivanildo, tunayemwita Nildo, anauza asaí, kinywaji kizito cha matunda meusi ya msituni, pale kwenye kona, nyumba ya nne kutoka kwangu. Akishasaga matunda hutundika bendera nyekundu getini, watu wajue asaí ipo, waje na vyombo vyao. Miezi hii ya mvua matunda ni haba, basi bendera huonekana siku moja ikapotea tatu. Sisi hatusemezani tangu maziko ya mama. Kwa hiyo habari za ndugu yangu wa tumbo moja nazipata kwa kitambaa.
Ugomvi wenyewe ni huu. Mama alipofariki nilipanga kila kitu mimi: gauni la kumzikia, padri, saa ya maziko, vyombo vyake vigawiwe nani. Sikumuuliza Nildo hata kimoja. Tukiwa bado pale kaburini, mbele ya shangazi zetu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:
"Dada, tangu utotoni unadhani pedi yangu haifanyi kazi."
Shangazi hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikaondoka bila kumjibu.
Mwaka 1989 nilikuwa na miaka kumi na Nildo sita. Baba alifanya kazi kwenye boti za kuleta pilipili manga kutoka Tomé-Açu, kwenye mashamba ya Wajapani, na familia moja ya huko ikampa mashine ya gemu na kaseti moja. Maandishi yote ya Kijapani. Kamtu kamoja kanatembea pangoni, kuna mashimo na popo, na duara la mwanga wa taa. Tulimwita Mtu wa Pango. Mtu ni mmoja tu kwenye skrini, na pedi ya kwanza, ile ya vitufe vya kuchezea, nilikuwa nayo mimi. Nildo akalia wee, mpaka nikamchomekea ya pili nikamwambia abonyeze tu, naye anacheza.
Kila siku aliniuliza, "Dada, mimi niko wapi hapo?" Nami nilimjibu, "Umejificha. Utatokea mbele."
Miaka minne alingoja kutokea. Hapa mtaani nani hajamfanyia mdogo wake hivyo? Lakini mtu akutunzie jambo hilo mpaka ana miaka thelathini na tatu, akutolee kaburini kwa mama yako? Nimemnunia, na sioni haya kusema.

9 Januari
Mvua saa nane. Bendera ipo. Nimekwenda kununua asaí mtaa wa pili. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, nikainywa yote.

12 Januari
Mvua saa nane mpaka usiku. Bendera haipo.

19 Januari
Mteja wangu mmoja, jamaa wa redio, aliniambia atakuja kabla ya mvua kuchukua mashine yake, akaja kabla ya mvua. Ndiyo maana naupenda mji huu, mvua ya kila siku ndiyo saa yetu, hata asiye na saa anaweza kutimiza ahadi.
Nimemwona Nildo kwa mbali, anatoa kapu nje. Amenenepa. Uso umejaa, miguu imejaa mpaka kandambili zinambana. Mkewe Rosicléia anamlisha vizuri, nimefurahi kwa shingo upande. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu alipougua homa ya viungo akiwa na miaka kumi, na mama alikuwa akihesabu kila tonge lake.
Bendera ipo.

26 Januari
Leo hakuna mteja, nikamtoa Mtu wa Pango kabatini. Kaseti ile iliharibika zamani. Mpaka mwaka 1993 nilikuwa nikifika pango la tisa, la kumi, nimekunja miguu, nacheka. Taa ilikuwa kama inajua ninakotaka kwenda: inatangulia, inamulika shimo, inasimama, naruka. Kisha Nildo akaugua, akapelekwa kwa shangazi karibu na hospitali miezi mitano, pedi ya pili ikapotea katika hekaheka hizo, na tangu hapo gemu likawa bovu. Taa imeganda juu ya kichwa cha yule mtu, haimuliki mbele hata hatua moja. Pango la saba ni giza tupu. Nilisema ni unyevu umeingia kwenye kaseti. Nimeifungua na kuisafisha mara ishirini katika maisha yangu, na sijaona kutu.
Nimekufa pango la saba mara sita, nikazima.
Bendera haipo.

2 Februari
Mvua saa nane. Bendera haipo.

3 Februari
Haipo. Sokoni wanasema matunda yamekatika kabisa, boti zinarudi na makapu matupu.

8 Februari
Ipo. Nimejikuta nimesimama mlangoni na bakuli mkononi. Nimelirudisha jikoni.

14 Februari
Sijui nianzie wapi. 
Asubuhi alikuja mama mmoja wa Tomé-Açu, Bi Harumi, umri kama sitini na tano, ameleta mashine yake. Anasema magoti yakimuuma hucheza gemu, kuliko kukaa kuwasikiliza wakwe zake. Nilimpenda papo hapo. Wakati nachomelea waya akawa anatazama kabati langu, akaona kaseti ya Mtu wa Pango, akaomba kuijaribu. Nikamwambia imeharibika. Akasema hata yeye ameharibika na bado anatumika.
Skrini ya kwanza ilipotokea akasogeza miwani. Chini kabisa pana mstari mmoja wa maandishi madogo. Miaka yote nilidhani ni jina la waliotengeneza.
"Mbona unacheza peke yako?" akaniuliza.
"Si ni la mtu mmoja?"
"Hapa pameandikwa, pedi ya pili ikichomekwa, ndiye mshika taa."
Nikamuuliza mshika taa yuko wapi, mbona haonekani. Akasema haonekani, yeye ni mwanga tu, na kwao watu wengi hawakujua, maana mtoto gani anakubali kuwa mwanga. Nikachukua pedi yoyote iliyokuwa mezani, nikaichomeka tundu la pili. Sikuwahi kufanya hivyo tangu 1993. Kwa nini nichomeke pedi mbili kwenye gemu la mtu mmoja?
Nikabonyeza mshale. Duara la mwanga likamwacha yule mtu, likatangulia, likasimama juu ya shimo.
Nikakaa chini. Bi Harumi akadhani umeme umenipiga.
Alikuwa yeye. Kila shimo nililoruka, kila popo niliyemkwepa, kila siku niliyojisifu kwa baba kwamba nimefika pango la kumi. Mtoto wa miaka sita alikaa kando yangu ananimulikia njia, ananiuliza yuko wapi, na mimi namdanganya huku nikicheka moyoni. Kaseti haikuharibika. Niliishiwa na mtu wa kunimulikia.
Bi Harumi ameondoka na mashine yake kabla ya mvua. Sikumbuki kama nilimuaga.

15 Februari
Nimetaka kwenda. Nimefika nyumba ya pili, nikarudi. Nitamwambia nini, samahani ya miaka ishirini na nane? Mvua saa nane. Bendera haipo.

17 Februari
Haipo.

20 Februari
Nimekwenda. Rosicléia alinifungulia geti nusu, akabaki kalishika. Nikauliza Nildo yuko wapi, akasema amelala. Mchana kweupe amelala, nikawaza, mwanamume na afya yake. Nikamwambia wifi yangu, mwambie kesho aje kwangu baada ya mvua. Nimemwasha Mtu wa Pango, kuna jambo nataka aone. Tafadhali. Sijui mara ya mwisho lini nilisema tafadhali katika mtaa huu.
Akaingia ndani. Nilisikia wakiongea, kisha nikasikia Nildo akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akarudi.
"Amesema sawa. Baada ya mvua."
Kesho nitakwenda soko la Ver-o-Peso mapema kumtafutia kamba wakavu, wale wakubwa, anaowapenda kwa asaí. Leo nitalala vizuri.

21 Februari
Naandika kwa hasira, mwandiko uniwie radhi.
Nimekwenda sokoni asubuhi. Saa nne na nusu vimvua vikapita, nikasimama chini ya bati pamoja na wauza samaki, nusu saa, jua likatoka. Nikazunguka mpaka nikapata kamba wazuri, nikapata na asaí kwa mtu wa kisiwani, Ilha das Onças, nzito kama uji. Saa saba nikawa nyumbani. Nikafua vitambaa vya viti. Nikaweka viti viwili mbele ya televisheni, chake upande wa kulia kama zamani. Pedi mbili. Mvua ikaanza saa nane kamili, mvua yenyewe, ya kupiga bati mpaka husikii, ikakatika saa kumi. Nikafungua mlango wote.
Saa kumi na moja hajaja. Saa kumi na mbili hajaja. Nyumba nne, si safari ya Manaus.
Kamba nimewala mwenyewe. Basi. Nilisema tafadhali, na nimejibiwa.

22 Februari
Mvua saa nane. Bendera haipo. Wala sitazami.

23 Februari
Haipo. Matunda hakuna.

24 Februari
Haipo. Matunda hakuna.

26 Februari
Ngoma za kanivali mtaa mzima, watu wamejipaka rangi. Jirani yangu Bi Ocilda kaenda kwa binti yake Mosqueiro tangu Jumatano, hakuna hata wa kumsengenya Nildo naye. Bendera haipo. Nimezoea.

27 Februari
Bi Ocilda amerudi. Bado alikuwa na mfuko begani alipopita kwangu.
"Pole, mwanangu," akasema. "Anaendeleaje hospitalini?"
"Nani?"
Akashusha mfuko. Kisha akakaa, na nikajua, kwa sababu Bi Ocilda hakai nyumbani kwa watu kabla ya kukaribishwa.
Jumatano asubuhi akisubiri basi alimwona Nildo anatolewa nyumbani mikononi mwa wanaume wawili, miguu imevimba kama magogo, hapumui vizuri. Alidhani najua. Nani asiyejua habari ya ndugu yake nyumba ya nne? Nikamwambia hatusemezani, nilimwita Jumanne akakataa kuja.
"Hakuja vipi? Alikuja."
Nikamwambia hakuja, nilikaa mlangoni mpaka giza.
"Alikuja ile mvua ya asubuhi ilipokatika tu," akasema Bi Ocilda. "Alikaa hapo kibarazani kwako saa nzima na zaidi, kapakata kitu chenye waya. Anagonga, anapumzika, anagonga tena. Mimi nilikuwa dirishani. Nikadhani uko ndani umenuna. Si unajijua?"
Najijua. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu aliyekuwa anajua niko sokoni hakuwepo, na aliyekuwepo aliamini ninaweza kumwacha mdogo wangu nje saa nzima kwa kununa. Hakukosea sana.
Nimekwenda hospitali na nguo za kazini. Yuko chumba cha mahututi. Nimemwona kupitia kioo, mirija puani, macho yamefumbwa. Kumbe ule haukuwa unene. Maji yalikuwa yamemjaa mwilini mwezi mzima, na mimi nilimfurahia kwa shingo upande. Kumbe bendera haikukosekana kwa sababu ya matunda.
Rosicléia alitoka koridoni. Hakunisalimia.
"Ulimfungia mlango, wifi."
"Nilikuwa sokoni."
"Nilimkataza asitoke, akasema lazima. Alitembea nyumba nne kwa dakika ishirini. Ulisema baada ya mvua, akaja baada ya mvua."
"Mvua ipi?" nikasema.
 Tukatazamana hapo koridoni, wanawake wawili wa Belém, na hakuna aliyeweza kusema mwenzake amekosea. Kwangu mvua ni ile ya saa nane, nyingine ni maji tu. Kwa Nildo, aliyekuwa amekaa kitandani tangu alfajiri akingoja ruhusa ya kwenda kwa dada yake, mvua ilikuwa ile ya kwanza.
Rosicléia akaniegemea begani akalia. Wamesema kesho asubuhi wataniruhusu kuingia.

28 Februari
Amefariki saa tatu asubuhi. Nilikuwa kwenye ngazi za hospitali.
Sikumwambia.

1 Machi
Tumemzika karibu na mama. Safari hii kila kitu nilimuuliza Rosicléia. Shati lipi, wimbo upi, nani abebe. Shangazi walinishangaa. Nilikuwa nikiuliza kama chiriku, nikisikia ningenyamaza hata kidogo ningeanguka.

2 Machi
Mvua.

6 Machi
Mvua saa nane. Nimetazama kona. Jicho halijaambiwa.

11 Machi
Sijafungua kibanda.

18 Machi
Mvua kutwa. Mtu wa redio amekuja na mashine nyingine, nikamwambia aje wiki ijayo. Akauliza, kabla au baada ya mvua? Nikamfungia mlango usoni. Safari hii kweli.

23 Machi
Leo nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nimefika tarehe 5 Januari, nikasoma aliyoniambia kaburini kama nilivyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: *unadhani pedi yangu haifanyi kazi.*
Unadhani.
Hakusema nilimpa pedi mbovu. Miezi sita nimenuna kwa neno ambalo hakulisema. Alisema nadhani. Alikuwa anajua.

24 Machi
Nimekwenda kwa Rosicléia kumuuliza, sikumkuta. Jirani kasema yuko kwa mama yake Abaetetuba, atarudi mwanzoni mwa mwezi. Getini kuna ule mti wa bendera, mtupu.

2 Aprili
Rosicléia amerudi. Nimemwambia aje kwangu kesho saa tisa. Akauliza, "Yaani baada ya mvua?" Nikasema hapana, saa tisa, ya ukutani. Hakucheka.

3 Aprili
Alikuja saa tisa mvua ikiwa bado inanyesha, amelowa chapachapa, ameficha kitu chini ya blauzi kisilowe. Nikampa taulo. Akakitoa, ni pedi. Ya kwetu, ya mwaka 1989, waya umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa rambo. Nyuma pana kovu la meno, alikuwa anaitafuna akingoja zamu ambayo nilimwambia inakuja.
Ilikuwa kwenye droo yake pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ndiyo aliyokuwa ameipakata kibarazani.
Nikamuuliza, alijua tangu lini?
"Tangu ana miaka saba, aliniambia. Aliona taa inafuata kidole chake."
"Mbona hakuniambia?"
Rosicléia akatabasamu, mara ya kwanza tangu Februari. "Alisema wewe ukijua pedi ile ndiyo tamu, utamnyang'anya."
Ni kweli. Ningemnyang'anya siku hiyo hiyo.
Akaniambia na mengine. Kwamba alipougua aliichukua kwenda nayo kwa shangazi kwa sababu hakutaka mtoto mwingine wa mtaani animulikie. Kwamba aliporudi, baba aliogopa kumchosha moyo, akamkataza gemu, na alipopona mimi nilikuwa msichana mkubwa mwenye marafiki na sikumwita tena. Aliendelea kungoja nimwite. Siku ile nilipotuma ujumbe alioga mara mbili. Alisema, "Leo nitamwonyesha dada kitu, atakasirika mpaka basi." Ndicho kilichomchekesha, kile kicheko nilichokisikia getini.
Nililia sana, na sikuingia chumbani kujificha kama ninavyofanya siku zote. Rosicléia alinishika mkono, mvua ikakatika, hatukuinuka.
Baadaye nikawasha mashine. Nikamkalisha kiti cha kulia, nikaichomeka pedi ya Nildo tundu la pili. Nilijua tundu ni zima, lakini niliogopa pedi yenyewe imekufa kwa miaka yote ile ya droo. Rosicléia hajawahi kucheza gemu maishani. Aliishika kama sahani ya moto, akabonyeza huku na huku, akatazama kamtu kangu kanavyotembea pangoni, akakunja uso.
"Na mimi niko wapi hapo?" akauliza.
"Wewe ndiye taa," nikamwambia.
Kisha sikuweza kuiona skrini. Nikaiacha pedi yangu magotini, na Rosicléia akaendelea kubonyeza polepole, mwanga ukatangulia mbele ya yule mtu, ukafika kwenye shimo, ukasimama pale.